Makubadhi ya Mama Mlangoni kwa Mfiwa

Harufu ya dawa ya kusafishia kidonda haina adabu. Ukifungua chupa chumbani, inatoka, inapita sebuleni, inasalimia wageni, kisha inakwenda kukaa jikoni juu ya sufuria ya wali. Tangu nirudi kutoka hospitali na mguu wangu wa kulia umefungwa bendeji nene kama mtoto mchanga, nyumba nzima inanuka dawa hiyo, na mume wangu amekwisha kulalamika kwamba hata chai sasa ina ladha ya mguu. Nimekatwa kile kinundu kinachoota kando ya kidole gumba. Wenye mfupa huo mnaujua: kidole kinaanza kuwaegemea wenzake taratibu, kama mtu anayesinzia katikati ya hotuba ya Ijumaa, na upande wa nje mfupa unatokeza, unanenepa, mpaka kila kiatu duniani kinakuwa adui yako. Sisi tumeurithi kwa mama. Wenzetu walirithi minazi, sisi tukarithi kidole.

Basi nimelala, mguu juu ya mito kama sultani, natumikiwa. Na jana jirani yangu wa nyuma kaozesha binti. Nimevisikia vigelegele vyote, nimeisikia harufu ya pilau ikipigana na harufu ya dawa, wala sikwenda hata kuosha kikombe kimoja. Nilijiona mkosaji kupita mwizi wa mbuzi wa akika. Mume wangu akaniambia, "Si umwambie tu kwamba unaumwa?" Wanaume hawa. Anadhani ni jambo la kusema tu. Nikageuzia uso ukutani, harufu ile ikanishika mkono, ikanipeleka mpaka Mabawa, mtaani kwetu Tanga, kwenye chumba cha mama.

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni, nilipokwenda kujisomea ukubwani, alinionya kwamba nikisimulia natia chumvi kwa koleo. Ni kweli. Lakini haya nitakayoyasema, pale palipo na maumivu sikuongeza kitu.

Wakati huo sijafikia kimo cha dirisha. Barazani kwetu mama alikaanga kachori ambazo, wallahi, zilisimamisha baiskeli za Tanga nzima. Watu walifunga breki mpaka matairi yakalia. Alisimama kwenye karai tangu alasiri hadi magharibi, mwili wote umebebwa na mguu wa kushoto, wa kulia ameuweka pembeni kidogo, kama mtu anayemkwepa mtu. Nundu yake ilikuwa nyekundu, inang'aa, kubwa kama limau la kutia achari. Mimi niliamini ndani yake mna yai, na nilikuwa nikilingoja lianguliwe. Kila asubuhi mama alipoosha miguu kutia udhu nilichungulia nione kama limepata ufa.

Hakuna kiatu kilichomkubali ila makubadhi yake ya ngozi ya siku nyingi. Fundi viatu aliyakata ubavuni, kubadhi la kulia akalishonea kipande cha mpira wa baiskeli, ili ile nundu ipate mahali pa kupumulia. Likawa pana upande mmoja kama samaki taa. Makubadhi yale yalijulikana. Ungeyatupa katikati ya soko, mtu angeyaokota na kutuletea nyumbani bila kuuliza njia.

Na nyinyi wenzangu mliolelewa mitaa ile mnakumbuka kwamba mlango wa nyumba ulikuwa unasomwa. Mama hakupiga hodi popote kabla hajatazama chini. "Mama Rehema yumo, ndala zake hizi. Na mwenye kisigino kilicholika upande ni Bi Mwanasha. Mwanaidi mwanangu, tugeuze, tutakuja kesho, yule akishika neno haliachi." Kwenye shughuli ndiyo usiseme. Arusini, kwenye maulidi, kwenye matanga, watu walisimama mlangoni kwanza, wakapitisha macho kwenye viatu, wakajua nani kaja na nani hakuja, kabla hawajamwona mtu hata mmoja. Kwa akili yangu ya utoto, mtu na viatu vyake vilikuwa kitu kimoja. Viatu vyake vikiwapo, yeye yupo. Kama hayupo sebuleni yuko jikoni, kama hayuko jikoni yuko uani.

Mama alikuwa na shoga mmoja, mamdogo Saumu, aliyekaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Si shoga wa kupigiana simu. Walilala mkeka mmoja tangu wadogo, kwa sababu bibi yangu alipofariki, mama alichukuliwa na Bi Rukia, mama yake Saumu, Mpemba mmoja mwenye sauti laini ambaye hata akikufokea ulidhani anakubembeleza. Bi Rukia ndiye aliyemfundisha mama hizo kachori. Bi Rukia ndiye aliyemwoza. Nilimwita bibi, naye hakuwahi kuniambia mimi si mjukuu wake.

Kilichowagombanisha mama na mamdogo Saumu ni viatu vya sare. Kulikuwa na arusi, na kikundi chao cha akina mama kiliagiza viatu vya aina moja, vinavyometameta, vimechongoka mbele kama mdomo wa samaki chuchunge. Wakakutana kwetu kuvijaribu. Kila mmoja akavaa, akatembea, akajitazama. Mama akasukuma, akavuta, akatia mafuta ya nazi, akakalia stuli akasukuma tena. Kidole kikagoma. Ndipo mamdogo Saumu, ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi kupita feni, akasema mbele ya wote, "Jamani, mwacheni Zuhura! Mguu unakwenda arusini, kidole kinakwenda Pemba!"

Watu walianguka. Nakwambia walianguka, mwingine akabingirika mpaka kwenye uchaga wa vyombo. Mama naye alicheka. Mimi nilikuwa miguuni pake, niliona anavyocheka huku amekifunika kidole kwa pindo la kanga.

Arusini hakwenda, akasema kichwa kinamwanga. Baada ya hapo akawa haendi tena kwa akina Saumu. Na humohumo Bi Rukia alikuwa ameanza kuuguaugua, hatoki kitandani. Mama kila akikaanga alitenga kachori za Bi Rukia kwenye bakuli, akalifunika kwa sahani, akasema, "Nitampelekea wiki hii." Usiku tukazila sisi.

Kisha mama akaenda kupasuliwa. Kwangu sababu ilikuwa wazi kama jua: ni maneno ya mamdogo Saumu. Nimekuja kujua ukubwani, hasa sasa nilipouonja mwenyewe ugonjwa huu, kwamba hakuweza tena kusimama kwenye karai. Lakini wakati ule hata watu wazima wangesema kama mimi, na mama alilijua hilo. Siku aliyorudi, amebebwa na baba kutoka kwenye bajaji mpaka kitandani, alimwambia shangazi, dada yake baba aliyekuja kutoka Moa kumuuguza, "Wifi, Saumu asijue. Akijua, ama atacheka tena, ama atajiona yeye ndiye aliyenipeleka kisuni. Yote mawili siyataki."

"Na wateja wako niwaambie nini?"

"Waambie nimekwenda Moa kwa wakwe."

"Waambiwe umekwenda Moa, na mimi wa Moa niko hapa?"

"Sema tumepishana."

Basi shangazi akakaa mlangoni kama askari. Kila aliyefika aliambiwa Zuhura yuko Moa. Baba akarudi kwenye biashara yake ya nazi. Ndani, mama alilala chali, mguu juu ya mito, ncha ya waya imetokeza kwenye kidole kama samaki kibua aliyechomwa kijiti. Mimi niliuona huo waya nikaelewa kila kitu: yai lilikuwa limetolewa, waya ni wa kuzuia lisirudi.

Alikuwa mgonjwa mwenye haya. Alipoletewa uji alisema samahani. Alipopelekwa haja alisema samahani mara mia moja kwenda, mia moja kurudi. Alisema, "Mtu mzima mimi, nalala mchana kwa kidole! Wenzangu wanalala kwa malaria, wanalala kwa uzazi. Mimi kidole." Shangazi akamjibu, "Kidole hakiponi kwa huzuni, Zuhura, kunywa uji."

Asubuhi moja kipaza sauti cha msikiti kikakohoa. Sauti ya kutangaza kifo inajulikana kabla hata ya jina. Mama alikuwa anachovya mkate kwenye chai. Likatajwa jina la Bi Rukia, likatajwa jina la binti yake, ikasemwa maziko ni baada ya adhuhuri. Mkate ukakatikia ndani ya kikombe. Mama hakulia. Alikaa kitako, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wifi, niletee buibui langu."

"La kufanyia nini?"

"Mama yangu kafa, wewe waniuliza buibui la nini?"

"Na huo mguu utauvika nini? Daktari kasema usikanyage. Kuna waya humo. Ukikanyaga unajichomoa, unakwenda zake."

"Nitaita bajaji."

"Bajaji itakufikisha mlangoni. Ndani je? Watu wamekaa chini mpaka mlango wa choo. Utapita juu ya vichwa vyao kama popo? Akiukalia mtu mmoja tu, tutakuwa na misiba miwili."

Mama akashusha mguu. Ulipokuwa chini tu ya usawa wa kitanda, kabla haujagusa sakafu, damu ikauteremkia, nikaona uso wake unabadilika rangi. Shangazi akamkamata kiuno, akamrudisha. Hapo ndipo alipolia. Alijaribu simu, ya mamdogo Saumu ilikuwa imezimwa. Shangazi akamwambia, "Na ungempata? Utamhani kwa simu, mtu wa mtaa wa pili?"

"Nimesema niko Moa," mama akasema. "Moa si Maskati, wifi. Aliye Moa akisikia Bi Rukia kafa anapanda bodaboda anafika. Kila anayeingia pale atatazama mlangoni. Makubadhi yangu yanajulikana, na hayatakuwapo. Saumu atasema, Zuhura kashindwa kusamehe hata mbele ya maiti."

"Basi niende mimi."

"Ukitoka wewe nitashuka hapa. Najijua."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Nikaogeshwa, nikavalishwa gauni la Idi na mtandio wa shangazi uliofika magotini. Mama akanishika mashavu kwa mikono miwili. "Mwanaidi, nenda kwa mamdogo. Mshike mkono. Mwambie, mama hayuko Moa. Mama yuko kitandani, kafanyiwa operesheni ya mguu, hawezi kukanyaga. Anakupa pole na anakuomba radhi. Haya, sema." Nikasema. Nikasema tena. Nikasema kama aya.

Nilipofika ukumbini nikageuka. Ujumbe niliushika, ila sikuuamini. Niliyoyaamini ni yale mama aliyoyasema akilia: kwamba watu watatazama mlangoni. Nikarudi kimyakimya, nikaingia mvunguni, nikayatoa makubadhi, nikayafutika chini ya mtandio. Yalikuwa yamepoa. Yalinuka ngozi na mafuta ya kachori.

Nyumba ya msiba ilikuwa imejaa mpaka njiani. Wanaume wamekaa chini ya turubai. Ndani kulitoka udi na ile harufu nzito ya karafuu maiti, na mlangoni viatu vimerundikana kama samaki walioshushwa sasa hivi. Nikajipenyeza. Mama mmoja mnene, mikono imelowa mpaka viwikoni, akanizuia kwa goti.

"We mtoto, huku hakupitwi. Maiti anaoshwa."

"Nimetumwa na mama kwa mamdogo Saumu."

"Kila mtu katumwa leo. Nenda ukakae na watoto wenzio, utaitwa."

Kutoka chumbani nikamsikia mamdogo Saumu analia, si kwa maneno, kwa pumzi tu. Ujumbe wote ukanitoka. Aya yangu ikaruka dirishani. Nikabaki na kile kilichokuwa chini ya mtandio.

Basi nikachuchumaa. Nikasogeza ndala za watu huku na huku, nikapata nafasi katikati kabisa ya kizingiti, nikayaweka makubadhi yakitazama ndani, la kulia limetangulia kidogo, kama mama alivyokuwa akiyavua. Nikasimama nikayatazama. Moyo wangu ukatua. Mama kaingia. Mama yumo. Nikarudi nyumbani nikiwa nimenyoosha shingo kama bibi arusi.

"Umefika?" mama akauliza, hata sijavuka mlango.

"Nimefika."

"Mamdogo umemwona?"

"Alikuwa analia, mama."

"Umefikisha?"

"Nimefikisha."

Wallahi sikusema uongo. Sikujua hata kwamba kuna uongo hapo. Mama alifumba macho, machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, akasema alhamdulillahi, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka hospitali akalala usingizi wa kukoroma.

Kesho yake mguu ukamgeuka. Dawa za maumivu zilikuwa zimemalizika, baba hajarudi, na mama alikuwa akijiuma mdomo ili asipige kelele. Shangazi akimkanda kichwa alisema, kama wanavyosema watu wazima, "Utatulia vipi huu mguu, na mwenyewe moyo wake wote uko msibani?"

Nikasimama pale na kikombe cha maji. Mimi ndiye niliyempeleka msibani. Nikayaona makubadhi kwenye kile kizingiti, watu wanaingia, watu wanatoka, kila mmoja anakanyaga. Kila aliyelikanyaga lile la kulia alikuwa akimkanyaga mama kidole. Na watu walikuwa wengi! Mabawa yote, na wageni kutoka Pemba, na wanaume wenye miguu kama makasia. Mama alipokunja uso niliwaza, huyo sasa hivi ni mtu mnene. Sikuweza kula. Sikuweza kusema. Ningesemaje, wakati mama analala akiamini yuko salama?

Nikaenda kuyachukua. Nilingoja mpaka siku ya hitima, kwa kuwa kabla yake sikupata upenyo wa kutoka. Nilipofika, turubai linakunjwa, majamvi yanakung'utwa, na kile kizingiti ni kitupu. Safi. Kimefagiwa. Nikazunguka nyumba mbio, nikatazama uani, nikatazama kwenye takataka. Miguu ya mama yangu nilikuwa nimeipoteza katika nyumba ya watu. Nilirudi nikakaa nyuma ya pazia la mlango wa chumba, na humo nikafanya makazi yangu.

Siku iliyofuata, alasiri, ikagongwa hodi isiyo na upole. Shangazi, kwa mazoea, akajibu tangu ndani, "Zuhura yuko Moa!"

"Kama yuko Moa," sauti ya mamdogo Saumu ikasema, "kaenda pekupeku?"

Akaingia. Mfiwa, hajakaa hata wiki, katoka kwake kuja kwetu! Kafunga kanga kichwani, macho yamevimba, na mkononi kashika makubadhi kwa vikanda vyake, kama mtu aliyeshika kuku. Shangazi alijaribu kumzuia, lakini Saumu wa siku ile asingezuiwa na ukuta. Akapita pazia, akanipita mimi, akasimama.

Mama alikuwa pale alipo, mguu juu ya mito, waya umetokeza. Chumba kizima kinanuka dawa.

"Nini hiki?" mamdogo Saumu akauliza.

"Mguu."

"Naona ni mguu, Zuhura. Nakuuliza nini hiki?"

"Nimefanyiwa operesheni."

"Lini?"

"Kabla mama hajafariki."

Mamdogo akakaa chini sakafuni. "Ni kwa sababu ya yale maneno yangu."

"Si kwa maneno yako. Ulikuwa unauma."

"Usinidanganye, nina msiba."

"Ulikuwa unauma, Saumu. Na maneno yako yaliniuma, hilo silifichi. Lakini daktari hakukata maneno, kakata mfupa."

"Ndiyo usiniambie?"

"Si nilimtuma mtoto! Kaja kukuambia siku ya maziko!"

"Mtoto gani? Mimi sikuona mtoto."

Pazia halikunificha vya kutosha. Nadhani lilikuwa linatikisika. Shangazi akalivuta, na nilipowaona wote watatu wananitazama, nikapasuka kilio, nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba maiti alikuwa anaoshwa, kwamba nilizuiliwa, kwamba nimempeleka mama mwenyewe, nimemweka mlangoni katikati, na watu wamemkanyaga ndiyo maana anaumwa, na nilikwenda kumchukua sikumkuta.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Kisa hiki kimekuja kuchekesha arusi nyingi baadaye, mimi mwenyewe nimekisimulia nikishika mbavu, lakini siku ile hakuna aliyecheka.

Mamdogo Saumu aliyaweka makubadhi chini. Akazungumza akiyatazama yale, si mama. "Kila aliyeingia aliniambia, Zuhura karudi, makubadhi yake nimeyaona. Nikauliza, yuko wapi? Wakasema yuko uani anachambua mchele. Nani kamwona? Hakuna aliyekuona, lakini kila mtu akasema uko uani. Nikasema, mwacheni, msimwite. Anaona haya kwa yale ya siku ile. Akimaliza mchele atakuja mwenyewe. Zuhura, mama yangu kazikwa, na mimi usiku ule nililala. Nililala kwa kuwa wewe uko uani." Akapangusa pua kwa kanga. "Hitima ikaisha, watu wakachukua vyao wakaenda. Yakabaki haya."

Mama alijifunika uso. Sauti iliyomtoka sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Alimlilia Bi Rukia kwa jina, akalilia kachori zilizofunikwa kwa sahani, akalilia ile wiki hii, wiki hii. Mamdogo Saumu akainuka, akaishika ile miguu yote miwili, mzima na mgonjwa, na yeye akaanza kulia.

Bila shaka mtaa ulisikia. Majirani wakaja mbio, wengine na sabuni mikononi, mmoja na mwiko. Wakaingia mpaka chumbani, wakamkuta Zuhura aliyeko Moa yuko kitandani na waya mguuni. Jirani wa mbele akashika mdomo. "Subhanallah! Nani kafa hapa?"

"Mama yangu," mama akasema.

Mamdogo Saumu hakumsahihisha. Na wale watu, ambao wote walikuwa wamekwisha hani kule mtaa wa pili, wakala hitima na wakaaga, walitazamana, wakavua viatu mlangoni, wakakaa chini upya. Shangazi akatia maji ya chai jikoni. Watu wakapokezana kumpa mama pole, mmoja mmoja, kama inavyompasa mfiwa.

Walipoondoka, mama alimshika mamdogo Saumu mkono. "Sikuchambua hata punje," akasema.

"Najua."

Basi. Akafunga kanga yake, akaenda zake. Hakusema nimekusamehe, wala hakusema sikukusamehe, na hakuja tena siku nyingi. Mimi hakuna aliyenichapa. Ningechapwa ningelia, ningenyamaza, ningekula. Badala yake mama alinipapasa kichwa, akaniambia sina kosa, mimi ni mtoto. Kisha aligeukia ukutani, nikajua kwamba aliyekuwa na kosa ni yeye, na kwamba kabla sijapeleka yale makubadhi alikuwa amekosea kidogo tu, kama mtu yeyote aliyeshindwa kufika; baada yake akawa mtu aliyengojwa uani asiyekuwapo.

Arobaini ilipokaribia, bajaji ikasimama nje. Akashuka mamdogo Saumu, na nyuma yake gunia la mchele lililobebwa na dereva mgongoni. Akalitua chumbani kando ya kitanda, akatoa ungo mkubwa, akaujaza, akampakatisha mama mapajani.

"Mchele wa arobaini ya mama," akasema. "Una mawe kama barabara ya Maramba. Na huo mguu ukae hukohuko juu. Mikono haikukatwa."

Mama akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Mamdogo akaondoka, ana mengi ya kupanga. Shangazi akavuta kiti ili asaidie. Mama akamwambia, asante wifi, pumzika. Akainamisha uso karibu kabisa na ungo, akaanza.

Nikapanda kitandani polepole nisiutikise mguu. Nilikuwa na macho makali, vijiwe niliviona kabla yake. Nilitaka sana. Nikanyoosha mkono wangu, nikagusa mchele. Akaupiga kofi jepesi, la kufukuzia nzi.

"Kazi hii acha, mwanangu," akasema. "Hii ya kwangu."

Nikairudisha mikono yangu mapajani. Nikakaa pale mpaka jua likaondoka dirishani, namtazama anavyotoa kijiwe kimoja kimoja na kukitupa, hata vile ambavyo niliona kabisa kuwa si vijiwe.